Barua ya wazi kwa wakubwa wa Kampala na Nairobi: aliyetengeneza sanamu ya uhuru anaitwa Gregory Maloba

Kwa wakubwa wote mnaosimamia sanamu, makumbusho na turathi za umma, Kampala na Nairobi,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni fundi wa mjengo, mtu wa pande za Mumias huko Kenya, na hapa Kampala niko mwaka wa kumi na nne sasa. Naandika mbele ya watu sababu njia ya ofisini nimeshaimaliza. Barua nimeandika tatu na zote nimezipeleka kwa mkono wangu, ya kwanza wakasema haionekani, ya pili nikatumwa ofisi nyingine na hiyo nyingine ikanirudisha kule kule nilikotoka, ya tatu ilipigwa muhuri wa kupokelewa nikafurahi nikajua sasa imekubali, na mwaka umeisha sijapigiwa hata simu. Ofisi sitazitaja. Sina haja ya kumuaibisha karani wa watu, nataka jambo lenyewe lifanyike.

Na jambo lenyewe lilianza hivi. Watoto wa dada yangu walikuja kunitembelea likizo, wakavuka mpaka pale Malaba kwa basi la usiku, mara yao ya kwanza kutoka Kenya, nikawapeleka kuona mji. Tukafika Nile Avenue pale kwa ile sanamu ya uhuru, yule mama aliyefungwa vitambaa mwilini na vinafunguka, na mtoto ameinuliwa juu mikono yote miwili hewani. Mkubwa wao akaniuliza mjomba hii nani alitengeneza. Nikamwambia ni mtu wa kwetu, wa Mumias kabisa, anaitwa Maloba. Kando yetu kulikuwa na jamaa anatembeza wageni, akasikia, akageuka akaniambia mzee usidanganye watoto, hii ilitengenezwa na mzungu aliletwa kutoka London. Nikabishana naye, na yeye alikuwa na kitambulisho shingoni na mimi nilikuwa na ndala, sasa watoto wakaangalia yeye wakaangalia mimi, na niliona wazi wamemwamini nani. Huyo mdogo njiani akanishika mkono akaniambia si neno mjomba. Waheshimiwa, hiyo "si neno mjomba" iliniuma kuliko matusi.

Ndio nikaanza kuandika. Sasa naweka malalamiko yangu hapa moja moja.

1. Jina la fundi halijulikani na wenye kazi yake.

Wacha niseme huyu mtu ni nani, maana nimegundua hata mkubwa anayesaini makaratasi ya sanamu anaweza kuwa hajui.

Gregory Maloba alizaliwa 1922 Mumias. Wengi wanasema "alihamia Uganda" kama vile alitoka mbali sana, lakini Mumias yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda mpaka 1902, Waingereza ndio walichukua mkoa wote wa mashariki wa Uganda wakaupeleka upande ambao leo ni Kenya. Kabla ya hapo ilikuwa njia ya misafara, Waswahili wa pwani walikuwa wanapumzika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, wakielekea Buganda, ndio maana mpaka leo ukienda Mumias utakuta familia za Kiislamu na Kiswahili kinazungumzwa kitambo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa pale miaka ishirini baada ya mpaka kusogezwa, akienda Kampala anafuata njia ambayo wazee wake waliijua kabla hakujakuwa na mambo ya huku na huko. Reli ikafika Kampala 1931, na watu wetu wakafuata kazi, wengine reli, wengine mashamba ya miwa, wengine nyumba za watu. Yeye mikono yake ilikuwa inajua udongo.

Akafika Makerere kwa Margaret Trowell. Huyu mama Mwingereza alikuja Uganda na mumewe daktari, 1937 akaanza kufundisha sanaa barazani nyumbani kwake, hakukuwa na darasa. Sifa yake ni kwamba hakuwaambia vijana waige picha za Ulaya, alikuwa anawasimulia jambo halafu kila mtu atoe anachokiona kichwani mwake. Maloba akaja mwanzoni mwa miaka ya 1940, na katika kazi zake za mapema kuna sanamu inaitwa Kifo, ambayo wanaosoma historia ya sanaa ya Afrika Mashariki wanaitaja mpaka leo. Kijana wa miaka kama ishirini hivi anachonga kifo. Baadaye akaenda Uingereza kusoma zaidi, akarudi, akafundisha uchongaji Makerere miaka na miaka, na wanafunzi walitoka Uganda, Kenya na Tanganyika. Sam Ntiro, Mchaga, alipita hapo akafundisha hapo, baadaye akawa balozi wa Tanganyika London. Elimo Njau wa Marangu alisoma hapo, akaenda Kenya akachora picha za maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, yeye na wenzake wakaanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi 1965. Hebu angalieni, Mtanzania anajenga sanaa Kenya, Mkenya anajenga sanaa Uganda, na hakuna aliyeuliza pasipoti.

Halafu ukaja uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, na Uganda ikataka sanamu ya kusimama katikati ya mji. Kazi ikapewa Maloba, Mkenya wa miaka arobaini, wakati Kenya yenyewe bado iko chini ya mkoloni. Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Huyu mtu alimchonga mama anafunguliwa kamba na mtoto anainuliwa, wakati nyumbani kwake kamba bado iko. Uhuru wa Kenya ulikuja Desemba 1963. Sijui kama mmewahi kumfikiria akiwa pale juu ya jukwaa la mbao na saruji mikononi, anatengeneza furaha ya jirani na yake bado anaisubiri.

Na kama fundi niongeze hili. Hiyo ni kazi ya zege na nondo. Ukuta mtu yeyote anajenga, unavuta uzi unaweka pimamaji unapanda. Lakini kutoa mwili wa mtu kwenye zege, mama amesimama na uzito wa mtoto uko juu, mikono ya mtoto imenyooka hewani na ni myembamba, hapo lazima ujue nondo inapita wapi kabla hujachanganya mfuko wa kwanza. Nondo ikikaa vibaya mkono unaning'inia, na saruji ukiiweka nyingi mara moja inateleza, ukichelewa inakauka na ya leo haishiki ya jana. Mimi nimeshatengeneza simba wawili wa kuweka getini kwa tajiri mmoja, simba tu wamekaa, na mmoja taya ilianguka mara mbili. Kwa hiyo nikiangalia ule mkono wa mtoto, miaka yote hiyo ya mvua ya Kampala na bado uko juu, navua kofia, kweli kabisa navua.

Mtu kama huyo ndio nimeuliza ofisi mbili nipewe jina lake kwa maandishi nikawaonyeshe watoto, na hakuna aliyeweza kuniambia. Mmoja aliniuliza, "Kwani inakusaidia nini?"

2. Kila upande unamsukumia mwenzake.

Hapa nikiuliza naambiwa huyo alikuwa Mkenya, waulize Wakenya. Nikirudi nyumbani nikiuliza naambiwa huyo kazi zake ziko Uganda, waulize Waganda. Sasa mtu akivuka mpaka ndio amekuwa wa nani? Mimi mwenyewe naishi hayo. Nimejenga nyumba za watu hapa siwezi kuzihesabu, na kule nyumbani wananiita Mganda, hapa wananiita Mkenya.

Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza vibarua Wakenya wengi sana, watu wakarudi na masanduku kichwani. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao, alikuwa anafagia kwenye karakana ya reli, na ndiye wa kwanza kunitajia Maloba. Alisema siku anaondoka alipita pale kwa sanamu, akaiangalia, akasema wewe kaa, sisi tunaenda. Mwaka 1976 Amin naye akasimama akasema magharibi ya Kenya ni ya Uganda, watu wa kwetu wakaogopa vita. Yaani watu walifukuzwa, mipaka ikadaiwa, lakini kazi ya yule mtu wa Mumias ilibaki katikati ya Kampala, na kila 9 Oktoba picha yake inatokea kwenye magazeti. Sanamu ina uraia kuliko aliyeitengeneza.

3. Nairobi na nyinyi.

Msidhani nalalamikia Kampala peke yake. Miaka ya sitini baada ya uhuru Maloba alirudi Kenya akafundisha chuo kikuu Nairobi, idara ya usanifu, kwa hiyo Nairobi mlikuwa naye mkononi. Na 1973 ilipowekwa ile sanamu kubwa ya Mzee Kenyatta ameketi pale KICC, lile jumba la mikutano katikati ya Nairobi, aliyeitengeneza ni Mwingereza, James Butler. Sina ubaya na Butler, alikuwa fundi mzuri na kazi inaonekana. Lakini nchi ilikuwa na mtu ambaye tayari alishasimamisha sanamu ya uhuru ya taifa zima kwa jirani, na yuko hapo hapo mjini anafundisha. Hilo linaniuma na sitajifanya haliniumi.

Baadaye mambo yalibadilika, nashukuru. Sanamu ya Dedan Kimathi, mpigania uhuru wa Mau Mau, ikasimamishwa Nairobi 2007 na aliyemchonga ni Kevin Oduor, Mkenya. Maloba alifariki mwaka huo huo wa 2007. Nilikuwa kijana kwenye saiti moja Kakamega, na sikusikia redio ikisema, na hakuna mtu wa kwetu niliyemuuliza ambaye alisikia.

4. Zege linazeeka, na hili ni la kitaalamu kwa hiyo naomba mnisikilize.

Sisemi sanamu inaanguka, msije mkasema natisha watu. Nasema ni zege la 1962 na zege lina tabia yake. Saruji ikiwa mpya ni kali, ule ukali ndio unalinda nondo ndani isishike kutu. Miaka ikienda hewa inaingia taratibu kwenye vitundu, ukali unaisha, maji ya mvua yanafika kwenye chuma, na chuma kikishika kutu kinavimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani, kwanza unaona mstari mwembamba kama unywele, halafu doa la kahawia, halafu kipande kinadondoka. Wakati unaona doa shida ilishaanza zamani. Na sehemu nyembamba ndio zinaanza, maana chuma kiko karibu na nje. Vidole, mikono, ule mkono wa mtoto ninaousema.

Na kosa kubwa, nalijua maana nimeliona kwenye majengo mengi, ni kuita fundi wa bei rahisi siku chache kabla ya sherehe, anakuja anapaka plasta juu ya ufa na rangi ya mafuta juu ya plasta, kunang'aa siku ya sherehe, na maji yamefungiwa ndani yanaendelea kula nondo. Naomba sana ile sanamu isije ikafanyiwa hivyo. Inataka mtu wa kuigonga kwa nyundo ndogo kila sehemu asikilize palipo na uwazi, aandike, apige picha, na arudie baada ya muda aone kama imeongezeka. Kuangalia hakugharimu kitu kikubwa.

5. Kazi zake nyingine.

Nimetafuta orodha moja inayosema Maloba alitengeneza hiki, kiko hapa, hali yake ni hii. Sijaipata. Ameacha kazi pande zote mbili za mpaka na amefundisha watu ambao na wao wamefundisha watu. Bila orodha kitu kinatupwa stoo, stoo inavuja, siku moja inasafishwa. Basi.

Sasa najua mtanijibu nini, maana nyingine nimeshajibiwa kwenye korido.

Mtasema hakuna bajeti. Jiwe lililochongwa jina na miaka halifiki hata gharama ya mahema ya sherehe ya siku moja. Mimi napiga hesabu za mjengo kila siku, nitawaandikia karatasi ya vifaa mstari kwa mstari bure.

Mtasema sanamu ni ya taifa, sio ya mtu mmoja. Sawa, na nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini kuna aliyeijenga. Pale Makerere shule ya sanaa ina jina la Margaret Trowell mlangoni na hakuna aliyesema limepunguza utaifa wa chuo, na mimi nasema anastahili kabisa, yule mama alifungua mlango. Mwanafunzi wake naye jina lake lisomeke kwenye kazi yake kubwa kuliko zote. Wote wawili walikuwa wageni Uganda, mmoja alitoka mbali na mmoja karibu, isiwe aliyetoka karibu ndiye anasahaulika.

Mtasema hakuwa raia. Waliompa kazi 1962 walijua hakuwa raia wakampa. Msiwe wadogo kuliko wao.

Mtasema hiyo ni idara nyingine. Hili ndilo jibu nimelipata mara nyingi zaidi na ndilo limenifanya niandike kwa Kampala na Nairobi pamoja, na hii mnayosoma naipeleka pia Arusha kwa wenzetu wa Jumuiya, ili asiwepo wa kunituma kwa mwenzake.

Ninachoomba basi ni hiki.

Kwanza jina GREGORY MALOBA na miaka yake 1922 na 2007 liandikwe pale kwa sanamu kwa herufi ambazo mtu aliyesimama barabarani anaweza kusoma bila kuomba ruhusa ya kuingia ndani. Liandikwe kwa Luganda, Kiingereza na Kiswahili. Na liwe la jiwe sio shaba, shaba itakuwa kwa wauza skrepa kabla wiki haijaisha, hilo niaminini.

Pili wanaotembeza wageni na kupewa vibali wafundishwe nani alitengeneza nini. Saa moja ya semina inatosha.

Tatu, sanamu ikaguliwe na mtu anayejua zege, na alichokiona kiwekwe wazi watu wasome.

Nne, Kampala na Nairobi mkae meza moja muandike orodha ya kazi za Maloba, ziko wapi na nani anazitunza. Na Kenya mfikirie Mumias. Hata chumba kimoja kwenye maktaba, picha za kazi zake ukutani, ili mtoto wa pale akifinyanga ng'ombe wa udongo asiambiwe anapoteza wakati.

Nawapa mpaka tarehe 9 Oktoba. Sina kikosi wala sina chama, sitafunga barabara. Siku hiyo nitaenda Nile Avenue asubuhi na watoto wa dada yangu, nimeshawatumia nauli, na kama hakuna jiwe nitakaa nje ya uzio na karatasi yenye jina lake nikimwambia kila anayepita.

Na kama shida ni fundi wa kuliweka, nipo. Nafasi nimeshaipima kwa macho, futi mbili kwa moja na nusu linatosha. Saruji nitanunua mwenyewe, siku moja ya kazi, sitaki malipo. Nipeni tu barua ya kuniruhusu kuingia na mwiko wangu.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa mjengo, mtu wa Mumias,
Kampala